Kichujio cha Kelele

…na gitaa halisikiki, yarabi, video ya yeye akimpigia mgonjwa wake inacheza kwenye simu aliyoisogeza karibu na kompyuta, na kwenye vipokea sauti alivyofunika masikioni, vinavyomrudishia kile darasa linachosikia, gitaa halisikiki hata chembe, amesahau kuzima kichujio cha kelele, yeye aliyewacheka wenzake juzi juzi tu kwa kosa hilihili, maana kila mtabibu wa muziki anayesoma mtandaoni anajua kwamba kwa kompyuta muziki ni kelele, inaufyeka wote inabakiza sauti ya mtu, na mtu mwenyewe kwenye video hii ni fundi cherehani asiyetamka neno tangu kiharusi kimwangushe, sasa itabakiza nini kama si aibu, nyuso za wanadarasa zimemkodolea macho, kidole kiko juu ya simu, azime, asingizie umeme, nani atajua… lakini bila darasa hili ni nani mwingine wa kumsaidia, kesho daktari mkuu anamfungia fundi tiba, “Neno moja tu, dada, nikisikia neno moja tu nakuongezea muda,” alisema hivyo, tena bila ubaya, na mke wa fundi kwenye benchi la koridoni akamshika mkono, “Wewe mpigie tu gitaa mwanangu, midomo yake inacheza, mimi naiona,” ndiyo mama, akamjibu, na moyoni akasema maskini, mapenzi hayo, kisha akaingia akapiga kwa nguvu zaidi, mzee akikunja uso yeye anaongeza mwendo, akifumba macho yeye anaongeza sauti, mpaka ncha za vidole zikawaka moto, na bado patupu…

“Hebu rudisha hapo,” anasema mwalimu wa darasa, miwani kaipandisha kichwani, looo, anataka kumwumbua hadharani, “na wewe mwenye jogoo, funga kipaza sauti chako,” mtu anacheka, sauti ya jogoo inakatika, haya, anarudisha, liwalo na liwe, na pale ambapo gitaa lake lilikuwa likinguruma pana kimya, na ndani ya kimya kuna pumzi, kuna mkwaruzo, kuna kitu kama kiti kinaburutwa, si kiti, “…po… po…”, video hii ameitazama mpaka ameichoka na hajawahi kusikia hiki, “…pole… polepole… polepole, mwanangu…”

Wee! Ni fundi! Fundi anasema, alikuwa anasema siku zote hizo, chini ya gitaa lake, anamwomba apunguze mwendo na yeye anamzidishia, mama wa watu aliona, macho yake mazima yaliona, na mtaalamu mzima na masikio yake ya kusomea hakusikia kitu, aibu gani hii, lakini aibu gani tamu hii, machozi yanamchuruzika na anacheka, kwenye kioo wenzake wanapiga makofi yasiyosikika, nayo kompyuta imeyaona kelele, mwenye jogoo kasimama kabisa kafunika mdomo, mwalimu anasema “Hiyo mpelekee daktari wako kama ilivyo,” atampelekea, atampelekea asubuhi kabla hajavaa koti, na mama wa benchini ataingia naye, akae mbele, asikie kwanza yeye, neno moja alitaka daktari, haya, apokee mawili… kiti ni kilekile, chai imepoa palepale, kidole bado kiko juu ya simu, anabonyeza tena, “polepole, mwanangu,” na safari hii anaitika kwa sauti, mbele ya darasa zima, “Sawa baba. Nimekusikia.”