Hodi Kwenye Kona

Amri ilitoka mji mkuu, Moroni, kama balaa zote zilivyotoka Moroni tangu mamluki wa Kizungu walipoipindua serikali. Wanne kati yao walipewa nyumba mlimani, juu ya kona tatu za barabara ya Mutsamudu. Usiku walikunywa, mchana walilala, kwa hiyo ni marufuku kupiga honi pale. Atakayepiga, gari lake litachukuliwa.

Na kona zenyewe! Huku mwamba, kule korongo, na njia ya gari moja. Kukata kona zile bila honi ni kucheza na roho za watu.

Moindjié, aliyeendesha Pijo lake la abiria njia ile miaka mingi bila kugonga hata kuku, ndiye aliyebuni dawa. Abiria mmoja atangulie kwa miguu, afike kwenye kona aite, "Hodi!" Akiitikiwa, gari lingoje, kukiwa kimya, lije. Madereva wote wakaiga. Watu wakamsifu kwa akili yake, naye akavimba kichwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alisema.

Asubuhi moja alikuwa anateremka kumpeleka binti yake Roukaya hospitali. Uchungu ulikuwa umemshika, na mkunga amesema mtoto amekaa vibaya. Abiria mwingine alikuwa mumewe tu, Inzoudine. Kona ya kwanza alishuka akaita hodi, wakapita. Ya pili vilevile.

"Baba, piga honi twende!" Roukaya alilia.

"Vumilia, mwanangu. Wakilichukua gari nitakufikisha na nini?"

Kona ya tatu Inzoudine aliita, "Hodi!" Aliyemjibu ni gari la jipu la mamluki, likipanda mbio katikati ya barabara. Lilimbamiza kwenye mwamba, mguu wake ukapinda pasipo na goti.

Mzungu hakushuka. "Anatafuta nini barabarani?" aliuliza kwa Kifaransa. "Rudi nyuma, nipite."

Moindjié alishuka garini. Alimchukia Mzungu yule, na akajichukia mwenyewe zaidi, maana yeye ndiye aliyewafundisha watu kuishi na amri ya wendawazimu. Alimbeba mkwewe, akamlaza nyuma. Kisha akaketi, akaikandamiza honi.

"Acha!" Mzungu alifoka.

Hakuacha. Alisogea polepole, gia ya kwanza, hadi Pijo likagusa jipu. Mzungu alitazama korongo nyuma yake, akatukana, akarudi kinyumenyume mpaka penye upana. Moindjié aliteremka na honi yake hadi Ouani, chini ya mlima, na magari ya chini, yakimsikia, yalikaa pembeni kumngoja kama zamani.

Roukaya alijifungua salama. Inzoudine alikatwa mguu. Jioni ile ile askari walilichukua Pijo.

Siku chache baadaye Moindjié alikuwa amekaa kibarazani kwake, juu kidogo ya zile kona, hana kazi. Alisikia gari likipanda. Akainuka, akaisubiri honi. Injini ikapunguza mwendo, mlango ukafunguliwa. Kisha sauti ya mtu ikaita, "Hodi!"

"Pigeni honi!" Moindjié alipayuka bondeni, mishipa ya shingo imemtoka. "Pigeni honi, wapumbavu nyie!"

Gari likangoja, maana hodi imeitikiwa. Kisha hodi ikaitwa tena, kwa adabu.