Ekari Iliyopakana na Makaburi

Ibada ilipokwisha, wazee wa kanisa walibaki ndani kuamua jambo la ekari moja. Familia ya marehemu Mahona ilikuwa imelizawadia kanisa shamba hilo, nalo lilipakana na makaburi ya Itetemia. Mzee Gerson, mwenyekiti wa baraza, hakuona cha kujadili.

"Makaburi yanajaa," alisema. "Tuzungushe uzio wa minyaa, basi. Tutazikwa pale bila kubanana."

Wengi walikubali. Gerson alikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka ya tisini, yeye ndiye kijana aliyechaguliwa kusimamia mazishi, na yalikuwepo majuma ambayo koleo halikukauka udongo. Alizika wadogo zake wawili, akamzika na mkewe.

Recheli, mjane wa kaka yake, aliomba kusema. Alikuwa mwanamke pekee katika baraza, na umri wake ulikaribia themanini.

"Mimi nataka pajengwe kliniki," alisema. "Chumba cha kupimia watoto, na kingine cha kuzalishia. Nesi tutamwomba halmashauri."

Watu walitazamana. Kila mmoja alijua kwamba Recheli alizaa wanane, na watano wamelala kwenye makaburi yale. Walitarajia yeye ndiye angeitetea ekari ile kwa nguvu kuliko wote.

"Shemeji," Gerson alisema taratibu, "kifo hakijahama Itetemia."

"Hakijahama, shemeji. Ila kimezeeka. Siku hizi kinatutafuta sisi wazee wenzake."

Mtu mmoja alicheka. Gerson hakucheka. Alisema watu wameongezeka, na penye watu wengi misiba haikosi. Recheli hakubishana naye. Alichukua fimbo yake, akamwomba watoke wawili wakaangalie makaburi.

Upande wa mashariki yalikuwepo makaburi ya zamani, mengi yakiwa mafupi kiasi cha mtu kuyavuka kwa hatua moja. Recheli alisimama penye ya kwake. Watatu aliwapoteza kwa surua katika masika moja. Wawili waliondoka na homa ambazo hakuna aliyezijua jina. Hakulia. Alikwisha kulia. Enzi zile mwanamke akiulizwa ana watoto wangapi, alitaja waliozaliwa, kisha akangoja aulizwe waliobaki.

Mbele kidogo makaburi yalirefuka. Hao walikuwa vijana wa miaka ya tisini: walimu, mafundi, wafanyakazi wa reli, na mke wa Gerson miongoni mwao. Gerson alivua kofia.

"Hapa ndipo ninapoogopa," alisema. "Chanjo zilikuja, watoto wakapona, tukasema tumevuka. Halafu ukimwi ukaja, ukatufagia."

"Ukaja, na dawa zikaja nyuma yake. Mdogo wako Tobias anazinywa mpaka leo, na juzi kamwoza binti yake."

Walisogea hadi safu za mwisho, ambako misalaba ilikuwa bado mipya. Huko walilala bibi waliopita themanini, na babu mmoja aliyegusa tisini. Gerson alisoma tarehe moja baada ya nyingine, midomo ikicheza.

"Hawa walishiba siku," alisema.

Kisha akasimama. Katikati ya makaburi hayo marefu palikuwa na moja fupi, udongo wake haujashikwa na majani. Lilikuwa la mtoto wa Ngollo, mkulima wa ng'ambo ya kijito. Masika yaliyopita homa ilimpanda alasiri, degedege likafuata, na bodaboda iliyomkimbiza mjini ikakwama kwenye matope. Gerson ndiye aliyeongoza maombi ya mazishi.

"Zamani hili tusingeliona," alisema. "Lingepotea kati ya wenzake."

"Sasa tunaliona."

"Ni dawa gani aliyoikosa?"

"Ya malaria, hiyo hiyo tunayopewa sote. Nesi angekuwa pale," Recheli alielekeza fimbo kwenye ekari, "Ngollo angemfikisha kwa miguu."

Gerson alipima kwa macho njia ya kutoka ng'ambo ya kijito hadi kwenye ekari. Waliporudi kanisani, alitangaza mwenyewe kwamba ekari itajengwa kliniki. Aliweka sharti moja: ukanda wa nyuma ubaki wa makaburi, kwa kuwa wazee nao ni watu. Recheli alisema sharti hilo ni la haki, naye mwenyewe atalihitaji, ila asiharakishwe.

Matofali waliyafyatua wenyewe. Ngollo alikuja kila Jumamosi bila kuitwa, akapanga tanuri, akalichoma. Kiangazi kilipokwisha paa lilikuwa juu, na halmashauri ikaleta nesi kijana, Bernadeta, aliyepanga chumba hapo jirani.

Siku ya kwanza akina mama walijaa hadi nje. Mke wa Ngollo alikuja na kichanga mgongoni. Recheli alimshika mtoto huyo wakati sindano ya chanjo ikiingia, naye mtoto akapiga kelele zilizowafanya watu wa nje wanyamaze.

"Huyu ana mapafu," Gerson alisema akiwa mlangoni.

"Atayahitaji," Recheli alijibu. Alimrudishia mama mtoto wake, akajifunga khanga vizuri, akaenda kukaa kwenye foleni ya kupima presha. Gerson alimtazama kidogo, kisha akamfuata, akakaa nyuma yake.