Gunia Moja kwa Kila Nyumba

Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, mwaka 1993, kampuni ilikuwa imekufa huku imesimama. Mshahara hakuna, unga wa mwezi hakuna. Kazi pekee iliyobaki na malipo ilikuwa kuwafukuza watu wa Kasai, wenye asili ya mkoa mwingine. Kalenga, mkuu wa vijana wa mtaa, aliweka sharti wazi: ukionyesha nyumba yao, unapata gunia la unga. Ukidanganya, unatolewa kwako.

Bilonda alikataa wiki nzima, akajisifu moyoni. Lakini jirani yake Tshibola, mama wa Kasai aliyemsaidia kujifungua kitinda mimba wake, alipobeba watoto na magodoro kwenda kungoja treni stesheni, njaa ikaanza kumfikirisha Bilonda mambo. Nyumba ni tupu, ataumia nani? Siku ya nane tangu waondoke, akaenda kwa Kalenga, akaitaja. Alirudi na gunia kichwani, na shingo haikumuuma hata kidogo.

Kesho yake mchana alikuwa anasonga bukari, ugali wa unga ule, alipoona moshi nyuma ya nyumba ile. Mwiko ukamtoka mkononi, akakimbia.

"Tshibola! Unafanya nini hapa?"

"Treni hakuna, mama. Siku tisa tunalala chini, mutoto anahara. Nikasema tupike kidogo, tutarudia kule."

Kabla Bilonda hajajibu, Kalenga na vijana wake walitokea barabarani na mapanga, nusu ya mtaa ikiwafuata. Tuseme ukweli: wazo la kwanza la Bilonda lilikuwa kujifungia kwake na gunia lake. Aibu ikamkaba. Akamsukuma Tshibola ndani, akasimama mlangoni.

"Chef, mi nilisema bongo, nilikudanganya. Njala ilinikamata. Humu muko dada yangu wa Manono, mutu wa huku kwetu. Batu ba Kasai hakuna."

Kalenga alimtazama sana.

"Sharti unalijua, mama?"

"Ninalijua."

Kama alimwamini au la, Mungu ndiye anajua. Kwake nyumba yoyote ilifaa.

"Basi utatoka kwako leo."

Hakuna aliyemtetea. Hapo hapakuwa na mtu asiyejua Bilonda anakaa wapi, hata watoto. Ila Numbi, aliyeimba naye kwaya moja miaka kumi, alikuwa tayari ameshapenya hadi mbele, mkono juu.

"Chef, nyumba yake ni ile ya mulango ya buluu. Bote banasikia, ni mi naionyesha wa kwanza."