Sufuria la Mama na Shamba Lililoshuka Mjini

Kulikuwa na maneno huko Maji ya Chai kwamba chombo cha marehemu kikigawanywa, halafu mtu akakiunga nyumbani, kinaita mali yote iliyokuwa pamoja nacho. Marta aliyasikia kwa muuza nyanya, yakamganda. Alifua nayo, alisali nayo.

Sufuria la marehemu mama yake lilikuwa nusu mbili. Kaka yao, Sumari, alichukua shamba lote la Akheri, kule mlimani, dada zake wawili akawaachia sufuria. Ili asionekane anapendelea, alilikata katikati kwa grenda. Nusu kwa Marta, nusu kwa mdogo wake Elinipa.

Jumamosi asubuhi Elinipa alileta nusu yake, na Brightness, binti yake Marta, akaliunga uani kwao Sokon One, mjini. Alisugua kingo kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, akawasha gesi, akapasha sufuria lenyewe, siyo kijiti cha aluminiamu cha kuungia. Marta alisimama nyuma yake na ndoo ya mchanga.

"Mama, sogea bwana. Utanifanya niunge kidole."

"Mbona haliwi jekundu?" Elinipa akauliza.

"Mamdogo, aluminiamu haiwi nyekundu. Ukiisubiri, inamwagika kama uji."

Aligusisha kijiti, kikayeyuka na kukimbilia kwenye ufa. Mshono ulipopoa, shamba likafika.

Migomba ilitangulia, kumi na minne, ikaingia mmoja mmoja kwa sababu geti ni jembamba. Kahawa ikafuata, majani bado yana umande. Jirani yao Magdalena alianua nguo zake.

"Piteni, lakini shuka zangu msizichafue," aliiambia migomba.

Wakakata mkungu, wakapika ndizi nyama ndani ya sufuria lile. Halikuvuja hata tone. Elinipa aliimba pambio mpaka jirani wa pili akaja na sahani yake.

Mchana Sumari alifika kwa bodaboda, hati ya shamba iko kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mjomba," alisema Brightness.

"Marahaba. Nani ameniitia shamba?"

"Limekuja lenyewe, kaka," alisema Marta. "Labda limetukumbuka. Tumelipalilia miaka ishirini. Tupe hata kipande."

"Limekuja kusalimia tu. Wanawake mna kwenu mlikoolewa."

"Mimi sijaolewa," alisema Elinipa.

"Utaolewa."

Elinipa ana miaka hamsini na mitatu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sumari alikula sahani mbili, akasifia chumvi, akanawa. Kisha akatoa hati na kusoma jina lake kwa sauti. Migomba ikageuka, kahawa nyuma yake, yeye akaiswaga kwa fimbo kuelekea mlimani.

Tangu hapo shamba linakuja kila Jumamosi na kukaa mpaka Sumari amalize kula. Ofisi ya kata iliagiza tu lipite pembeni ya lami. Hati ni ileile.

Basi, mwenye sufuria lililokatwa:

Usiunge ndani ya chumba kilichofungwa.

Usisubiri aluminiamu iwe nyekundu.

Usijaribu mshono kwa kidole. Aluminiamu ya moto na ya baridi zinafanana.

Usianike shuka Jumamosi.

Usidhani kilichokuja kwako ndiyo kimekuwa chako.

Usimwache mzazi afe hajaandika majina ya mabinti zake.