Mgeni wa Mama

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha mama yake, kijiko cha supu kikimpolea mkononi. Mama alikuwa amefunga mdomo kama mlango wa benki siku ya Jumapili.

"Kidogo tu, mama."

"Nimeshasema. Mwanangu hajarudi. Nyumba hii hatuli mpaka arudi."

"Mwanao ni mimi, mama."

Mama akamtazama kwa adabu, vile unavyomtazama mchuuzi aliyekosea mlango. "Wewe mtu mzima, dada. Mwanangu bado msichana. Anajifunza kushona."

Ndivyo ugonjwa wa kusahau ulivyomtenda yule bibi. Ulianza na funguo, ukapita kwenye majina ya majirani, sasa ulikuwa umefika kwa binti. Na binti mwenyewe hakuwa na mume wala mtoto. Sokoni aliitwa Fundi, kanisani Fundi, hata mchungaji alimwita Fundi. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyekuwa akimwita mwanangu.

Tangu juzi mama alikuwa hajatia kitu tumboni ila maji. Nesi alikuja asubuhi, akamshika mkono, akatikisa kichwa: asipokula leo, kesho alazwe, apitishiwe mpira puani. Kaka mtu akapiga simu kutoka mjini anakoishi.

"Umemwambia wewe ni nani?"

"Mpaka sauti imenikauka."

"Mwonyeshe picha. Mkazanie! Ukilegea atakusahau moja kwa moja."

"Basi njoo umkazanie wewe, kaka."

Kaka akakohoa. "Aah, mtandao huu… sikusikii vizuri."

Fundi akaitoa ile picha ya ujana wake, amesimama kando ya cherehani, mwembamba kama uzi. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaibusu, akaibana kifuani.

"Ndiye huyu! Umemwona wapi? Yu mzima?" Kisha akaanza kulia, kilio cha mtu aliyefiwa, na supu ndiyo kabisa hakutaka hata kuisikia.

Fundi akatoka kibarazani, akakaa kwenye cherehani yake. Kulikuwa na gauni la mteja lililobaki pindo, akalisukuma pembeni. Wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wakija mwanzoni, wakaimba, wakaosha vyombo. Siku hizi walimpungia mkono wakiwa barabarani: "Tunakuombea, Fundi!" Akaitikia asante, wakapita.

Akainamisha kichwa aombe. "Bwana, aniite mwanangu. Anijue. Anione, hata mara moja tu."

Hapo maneno yakamkwama. Kila siku alikuwa akiomba hivyo hivyo, na leo ndiyo kwanza akayasikia maneno yake mwenyewe. Aniite, anijue, anione. Mama anakufa njaa mle ndani, na yeye hajamwombea hata kijiko kimoja. Akaona haya, akajifuta uso kwa pindo la gauni la watu.

"Basi ale, Bwana," akasema polepole. "Hata kama ni na mtu baki."

Akapiga moyo konde. Akaipasha supu moto, akaweka sufuria mezani, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kusimama nje ya mlango wa mbele, akabisha.

"Hodi!"

Ikaja sauti ya mama, ile ya zamani, ya mwenye nyumba: "Karibu! Nani mwenzangu?"

"Ni mgeni, mama. Nina njaa." Na njaa alikuwa nayo kweli.

"Sasa mbona umesimama kama nguzo ya umeme? Ingia, ingia!"

Mama akashika upawa mwenyewe. Supu ikamwagika mezani, lakini Fundi hakumsaidia. Mgeni hapakui. Mama akajaza bakuli moja, akasita, akajaza la pili.

"Mgeni hali peke yake, atajisikia vibaya. Tuombe." Akafumba macho. "Bwana Yesu, bariki chakula hiki na huyu uliyetuletea. Na mwanangu, popote alipo, apate mtu wa kumfungulia mlango. Asijione yuko peke yake. Amina."

"Amina," Fundi akasema.

Mama akala. Akapuliza, akanywa, akachota tena. Katikati akanyanyua macho.

"We dada, mbona machozi?"

"Supu ya moto, mama."

"Si upulize! Mama yako yupo hai?"

"Yupo."

"Unamtembelea?"

"Kila siku."

"Vizuri. Basi ukitoka kwake upite na hapa."

Kaka alipiga tena jioni. "Vipi, amekukumbuka?"

"Amekula."

"Ndiyo, lakini amekukumbuka?"

"Kaka, amemaliza bakuli zima."

Kesho yake mchana Fundi akaipua supu jikoni, akaiweka mezani mbele ya mama bila kusema neno. Akatokea mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akabisha hodi, akasimama kusubiri kukaribishwa.