Upande Tulioacha Wazi

Mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha ujamaa karibu na Miteja, nguruwe pori walikuwa wametubakizia nusu ya shamba la muhogo. Nusu hiyo ndiyo chakula changu na mama mpaka mavuno. Mchana walilala kichakani, pembeni ya shamba. Mwaka uliotangulia wanaume walikizunguka kichaka chote. Dume likakosa pa kutokea, likapita juu ya watu, likamvunja Fakihi mguu.

Safari hii Modesti, jirani yetu Mmakonde aliyetoka mafunzo ya mgambo, alisema tuache upande wa bondeni wazi. Mkufunzi wao Mchina aliwaeleza habari za jemadari wa kale wa kwao: adui aliyezingirwa kote hupigana mpaka afe, lakini akiona upenyo huwaza kukimbia tu.

"Huyo jemadari alilima muhogo?" akauliza mzee Abilahi, balozi wetu wa nyumba kumi. Watu wakacheka.

"Hakulima, mzee. Aliwajua wanaokimbia."

"Na wakirudi kesho?"

"Bondeni tunatega nyavu. Wenye mikuki wanajificha nyuma yake."

Mzee Abilahi akamtazama Fakihi na mkongojo wake. "Haya, tujaribu hiyo ya Kichina."

Wapiga madebe wakapangwa pande tatu. Penye upenyo alitakiwa mtu mmoja juu ya kichuguu, akae kimya, apunge kanga nguruwe wakipita, wenye mikuki wajue.

"Mboni anafaa," Modesti akasema, akininyooshea kidole. "Tangu nihamie hapa sijamsikia sauti."

"Wewe jirani tu," mama akamjibu. "Mimi niliyemzaa je?"

Madebe yalipolia, nguruwe walikuja moja kwa moja kwangu, dume mbele. Nilitaka kupiga yowe. Lakini ningepiga wangegeuka, na nyuma yao alikuwa mama na debe lake. Nikauma kidole. Walipita chini yangu, karibu hata nikasikia harufu yao. Nikapunga kanga.

Walinaswa saba. Hakuna mtu aliyeumia. Modesti na wenzake wakagawana nyama; sisi Waislamu tukashukuru tu.

"Jemadari wenu yuko hai nimpe salamu?" akauliza mzee Abilahi.

"Alikufa, mzee. Yapata miaka elfu mbili na zaidi."

"Loo! Na aliwajua hawa wa Miteja!"

Mama hakungoja mazungumzo. Alikwishaingia shambani na jembe, anarudishia udongo kwenye mashina yaliyofukuliwa. Nikamfuata.