Tulia Arudi Zizini

Kabula alibonyeza kitufe cha kuwashia kigemu cha mkononi, akasubiri. Picha ikaja, muziki ukaja, lakini pale palipokuwa na jina la kaka yake palikuwa peupe.

"Fundi, mbona wanyama wake hawamo?"

Fundi redio aliweka chini kichomeo chake. "Betri ya ndani ya kaseti hii ya mchezo ilishakufa, binti. Nimetia mpya, kinacheza vizuri. Ila kilichotunzwa na betri ya zamani kimeondoka nayo."

Kabula alishukuru, akatoka nje akiwa amekikumbatia kile kigemu kifuani.

Kashinje, kaka yake, alifariki masika yaliyopita. Homa ilimkamata kwao Mtowisa, kule bondeni, na lori lililokuwa likimpandisha mjini hospitali likanasa kwenye tope la mlimani. Humo njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa dada yake, alisema neno moja tu la maana: "Usimwache Tulia."

Tulia hakuwa mtu. Alikuwa dude la ndani ya kigemu hicho cha mtumba kilichotoka Tunduma. Kashinje alikuwa akiyakamata madude, anayalea na kuyapiganisha huku ng'ombe wakila majani bondeni. Hilo kubwa lenye pembe alilipa jina la maksai aliyeongoza kundi lao siku walipohama kutoka Shinyanga.

Baba yao alikuwa kivulini mwa duka, fimbo mabegani. "Vipi?"

"Zizi tupu, baba. Wote wamekwisha."

Mzee alitazama mkokoteni ukipita. Kisha akauliza, kama anayeulizia mifugo ya kweli: "Walikuwa wote zizi moja?"

"Wote kwenye kaseti hii."

"Haiwezekani. Msukuma gani anaweka mali yote zizi moja? Ukiingia ugonjwa je? Wakija wezi je? Ng'ombe wetu wengine wanalelewa kijijini Kate, kwa rafiki yangu Flavian, na Kashinje ndiye aliyewaswaga kuwapeleka. Mwanangu nilimfundisha mwenyewe. Hebu fikiri, alikuwa na rafiki gani mwenye zizi la namna hiyo?"

Kabula alisimama katikati ya njia kama aliyeitwa. Ridhiwani! Kibandani kwake, mtaa wa Majengo, kulikuwa na gemu la televisheni, ndugu mkubwa wa kigemu kile. Unachomeka kaseti ndogo tunduni mwake, na madude yako yanatokea kwenye kioo, makubwa, yenye rangi. Tena lilikuwa na ghala lake la kuyahifadhi, na vijana walishazoea kuliita zizi.

Walipoingia, kibanda kilikuwa kimejaa vijana.

"Shikamoo mzee," alisema Ridhiwani, akimsogezea kiti. "Poleni na msiba. Kashinje alikuwa mshikaji wangu."

"Marahaba. Mwanangu aliweka mnyama kwako?"

Ridhiwani alikohoa. Kijana wa Kifipa aliyeshika kidhibiti, Obed, akacheka kwa utani. "Mnaona? Hata kwenye gemu Msukuma anafuata ng'ombe wake!"

"Na Mfipa anasubiri akaribishwe maziwa," mzee alimjibu bila kugeuka. Kibanda kikaangua kicheko.

Ridhiwani akafungua zizi. Tulia alitokea, akajaa kioo kizima. Ndani ya kigemu alikuwa wa kijivu, mdogo kama punje ya mahindi. Hapa alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mzee aliinuka kitini.

"Baka la maksai wangu," alisema polepole.

Chini ya picha paliandikwa mwenye mali: KASHINJE. Kabula alilisoma jina hilo, akaligusa kwa kidole.

"Tumekuja kumchukua, kaka Ridhi."

"Dada, amekaa kwangu tangu kiangazi kilichopita. Watu wanakuja hadi kutoka Kate kupambana naye. Kwenye gemu, aliyekaa naye ndiye mwenyewe."

"Aliyekaa naye anakunywa maziwa," alisema mzee. "Ng'ombe ana mwenyewe. Na mwenyewe akifa, mlezi huja msibani akasema, ninaye wenu mmoja. Wewe hukuja kusema."

Ridhiwani aliinamisha kichwa, lakini Obed hakukubali. "Huyu dada kumchezesha anajua? Asije akamuua bure! Anishinde kwanza, ndipo aondoke naye."

"Sawa," alisema Kabula, kabla hajajiuliza.

Obed alitoa joka la moto. "Leo nyama choma, jamani!"

Moto ulimwagika. Kabula akabonyeza kujikinga. Moto tena, akajikinga tena. Vijana wakazomea: "Dada, piga! Umekuja kulala?" Uhai wa Tulia ulipungua, ukabaki uzi mwekundu. Lakini masikioni Kabula alimsikia Kashinje siku za kulima: maksai hachapwi anapovuta, mwache amalize mtaro. Akajikinga tena.

Joka likafungua kinywa, ukatoka moshi mtupu. Moto umekwisha.

"Sasa, Tulia," alinong'ona.

Tulia aliinamisha pembe, akaenda. Ardhi ya kwenye kioo ilitikisika, joka likarushwa juu, likaanguka chali na halikuinuka tena. Kibanda kililipuka kwa makelele. Mzee, asiyejua hata sheria moja ya mchezo ule, aliingiza vidole kinywani akapiga mluzi, uleule wa kumwita maksai akifika mwisho wa shamba.

"Nimekubali, dada," alisema Obed, akimpa mkono. "Ng'ombe wenu ana kichwa kigumu kama nyie."

Ridhiwani mwenyewe alichomeka kaseti, akamhamisha Tulia. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, maziwa nimekunywa, sikatai. Na nilipaswa kuja msibani. Nisameheni."

Ndani ya zizi lilibaki yai la Tulia, maana madude ya gemu hutaga, nalo halijaanguliwa. Kabula alimtazama baba yake, baba akaitikia kwa kichwa.

"Hilo ni lako," Kabula alimwambia Ridhiwani. "Ndama wa kumshukuru mlezi."

Alasiri wakapanda lori la kurudi bondeni. Kabula alikaa juu ya magunia, kigemu mkononi, Tulia akitembea ndani yake, jina la Kashinje juu ya kichwa chake. Lori lilipofika ukingoni mwa mlima, pale lori la Kashinje lilipokuwa limenasa masika yale, mzee alinyoosha mkono.

"Lete nimshike mimi," alisema. "Hapa pana mteremko."